Utani Siukatai, Bibi

Mjimwema, Njombe
11 Juni 1994

Mke mwenzangu Peace,

Kamwene. Huku baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi mboga zinaamka zimevaa barafu, na ng'ombe anatoa moshi puani kama malori ya huyo tajiri wako Mzee Seleman. Goti langu linalia, lakini mdomo mzima, ndiyo maana unapata barua.

Anayeandika ni Oktavia jirani yangu, yule wa kwaya. Ndiye pia anayenisomea zako. Nimemwambia aandike maneno kama yanavyotoka, asiyapige pasi. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo kichwani.

Shangazi yako Beatrisi ametuma habari kwamba chuo cha ufundi kule Ludewa kimekuita, ukajifunze magari kuanzia Januari. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Ukoo mzima huu ni jembe na jembe, leo mmoja wetu ataitwa mwanachuo! Lakini Beatrisi anasema barua ya chuo umeitupa juu ya kabati na ukiulizwa unatoka nje. Kuna nini? Si wewe uliyekuwa unalala na spana? Na mbona tangu uondoke hapa baada ya kipaimara hujarudi hata kunisalimia? Makambako ni Ulaya?

Nimekutafutia kitenge kizuri cha maua mekundu. Utashonewa magauni ya kwenda nayo. Mume wetu, marehemu babu yako, alikuwa mtu wa suti, sasa mke wake mdogo aende chuoni kama kijakazi watu wacheke?

Baba yako mzima.

Naishia hapa, vidole vya Oktavia vimeganda.

Mke mwenzio mkubwa,
Bibi Esteria


Makambako
30 Juni 1994

Bibi, shikamoo. Shikamoo na wewe Mama Oktavia.

Kwa Shangazi wote wazima. Upepo wa hapa unaujua, jana umebeba bati la choo ukalipeleka kwa jirani, na jirani hataki kulirudisha. Mzee Seleman ameleta lori jingine kutoka Dar. Siku hizi kila mwenye uwezo anaruhusiwa kuleta gari, kwa hiyo gereji haipumui. Soko nalo limejaa mitumba, watu wanainama juu ya marobota tangu asubuhi. Mimi nimepata koti zito na suruali mbili za kazi.

Bibi, chuo sidhani kama nitakwenda. Nakuomba usiniulize sababu. Kitenge mpe mtu mwingine.

Tena nakuomba kwa heshima zote, usiniite mke mwenzio.

Baba anasemaje?

Ni mimi mjukuu wako.


Mjimwema, Njombe
4 Septemba 1994

Peace,

Umeona nimekuita jina kavu kama karani wa kijiji. Ndivyo ulivyotaka.

Tumevuna mahindi, tumepukuchua, tumeweka darini, na muda wote huo sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini ya jana ilikuwa kubwa zaidi. Oktavia anasema chini ya barua yako hukuandika hata jina. Sasa nikuulize: utani wa bibi na mjukuu uliufuta wewe kama nani? Mjukuu wa kike ni mke mwenza, mjukuu wa kiume ni mume. Wajukuu wangu wote wa kike nawaita hivyo, nami bibi yangu aliniita hivyo akiwa hana jino hata moja. Anayekataa utani wa bibi yake anasema hatujuani. Ni nani wa Makambako aliyekufundisha kunionea haya? Au umekuwa msomi kabla ya kusoma?

Kama nimeshakufa kwako, niambie nijifanyie matanga mwenyewe. Mahindi yapo.

Oktavia anasema nipunguze. Sipunguzi. Andika, Oktavia.

Baba yako mzima.

Kitenge sijampa mtu.

Esteria


Makambako
15 Septemba 1994

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako imesomwa na Shangazi kabla yangu, akacheka alipofika kwenye yale maneno ya matanga, kisha akaniona sicheki akaniachia. Wote wazima. Kheri, utingo wa lori, ndiye anayekuletea hii mkononi, nimeogopa kuitia posta.

Mama Oktavia, najua ni wewe unayesoma. Hakuna njia nyingine ya kumfikia Bibi. Soma yote, tafadhali, usiruke.

Bibi, utani siukatai. Utani wako ndio kitu ninachokikumbuka nikiwa chini ya gari na grisi machoni. Ninachokataa ni upande ulioniweka. Unakumbuka ulivyokuwa unamwita kaka Efraimu, "Mume wangu, kalete kuni"? Nani alikuwa anakimbia? Efraimu alikuwa amelala. Nilikuwa naitika mimi. Ulicheka, ukasema, "Haya, na wewe bwana mdogo, lete." Siku ile sikula vizuri kwa furaha.

Mimi si msichana, Bibi. Sikuwa hata siku moja. Sijui kwa nini Mungu alifanya hivi, wala sijui neno lake kwa Kiswahili wala kwa Kibena. Nimelitafuta. Siku ya kipaimara Baba alinivalisha lile gauni jeupe kwa nguvu, na yaliyofuata nyuma ya nyumba unayajua, ulisikia kelele. Ndiyo maana sikurudi.

Sasa chuo kimeniandika msichana. Bweni la wasichana, sketi ya bluu, bafu moja la wote. Nikilala huko nitakuwa nawadanganya wenzangu na nafsi yangu. Nikilala kwa wavulana nitaumizwa. Kwa hiyo bora nibaki hapa. Mzee Seleman ananiita "kijana" na haulizi kitu.

Ukikasirika, kasirika. Lakini usiseme hatujuani.

Peace


Njombe
9 Oktoba 1994

Kwa Mjukuu Mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii imeandikwa na Mzee wa Kanisa Amon kwa niaba ya Bibi yako Esteria, ambaye ni mzima wa afya kwa neema.

Bibi yako anasema barua yako imefika. Anasema viazi vimeota vizuri. Anasema ng'ombe amezaa ndama jike. Nimemwuliza kama ana neno lolote la kukujibu juu ya barua hiyo, akasema, "Mwambie viazi vimeota vizuri sana." Nimemwambia nimeshaandika hilo. Akasema niandike tena.

Anasema Oktavia siku hizi ana kazi nyingi kwake, haji. Anasema usubiri, na usifanye jambo lolote la haraka na chuo.

Nami nakuasa uikumbuke nyumba ya Bwana.

Mzee Amon


Mjimwema, Njombe
30 Oktoba 1994

Mume wangu,

Kamwene. Tumepanda, mvua imeanza kunusanusa. Ndama ana kiburi kama mama yake. Mimi mzima.

Wiki zote hizi ulikaa roho juu, najua. Ilikuwa hivi. Oktavia aliposoma barua yako alifika katikati akasimama. Nikadhani macho. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema ameacha chungu motoni, akaondoka. Hakurudi. Nami barua siwezi kuisoma tena, nikabaki naigusagusa kama kipofu. Ndipo nikamwita Amon, nikamlisha viazi. Yule mzee akijua kitu Jumamosi, Jumapili kinatangazwa pamoja na matangazo ya ndoa.

Majuzi Oktavia akaja. Akasimama mlangoni. Akasema, "Bibi Esteria, nimeomba, nimelia, jibu sijalipata. Lakini barua ya mtu siwezi kuitangaza." Nikamwambia, "Ingia, uji unapoa." Basi. Sasa hivi ananiangalia. Andika, mwanangu, usiniangalie.

Mume wangu, nakwambia kweli, sijaelewa. Lakini mambo nisiyoyaelewa ni mengi. Redio inaongea na ndani hamna mtu, siielewi, na taarifa ya habari nasikiliza kila siku. Nimelea watoto wangu, nimelea na wa wengine. Mtoto akiniambia ana njaa, sibishani naye kwamba ameshiba. Tumbo ni lake. Wewe umeniambia ulivyo, na aliye ndani yako ni wewe, siyo mimi, siyo Amon. Kuni nakumbuka. Nilicheka kwa sababu ulikimbia vizuri kuliko Efraimu, na mpaka leo ni mvivu yule.

Kelele za siku ya kipaimara nilizisikia. Nilikwenda nyuma ya nyumba na mwiko wa ugali. Baba yako anayo alama, muulize.

Sasa tumepatana, nakuuliza kama mke: utanilisha nini? Gereji ya mtu ni ya mtu. Seleman akifunga, utaninunulia sukari kwa upepo wa Makambako? Mume asiye na kazi yake simtaki, nina umri wa kuchagua. Chuo utakwenda. Bweni, sketi, bafu, niachie nifikiri. Wewe niambie kitu kimoja tu: nikuite nani mbele za watu?

Mkeo,
Esteria


Makambako
13 Novemba 1994

Bibi, shikamoo. Shikamoo Mama Oktavia, na asante. Sina neno jingine.

Nilisoma barua yako nyuma ya lori. Kheri akaniuliza kuna msiba, nikasema hapana, akasema, "Mbona unalia na kucheka, chagua moja."

Jina ni Peace, Bibi. Nimelifikiria sana. Wengine wangebadili. Lakini Baba alinipa akiwa na furaha, Shangazi anasema alizunguka mtaa mzima akilitaja. Sitaki kumrudishia.

Nataka chuo kuliko nilivyokuandikia. Mzee Seleman anasema nina sikio la injini, nasikia ugonjwa kabla ya kufungua boneti, lakini umeme wa gari na zile injini mpya sizijui, na hapa hakuna wa kunifundisha. Nikibaki nitakuwa mtu wa kushika tochi maisha yote. Hilo nalijua. Lakini kila nikifunga begi moyoni naliona lile bafu, nafungua tena.

Mwisho wa kuwajibu ni Desemba. Wanataka pia mzazi afike au aweke sahihi. Baba hataweka. Najua hujaniandikia chochote juu yake ila "mzima". Nimeelewa.

Peace


Mjimwema, Njombe
18 Desemba 1994

Mume wangu,

Kamwene. Krismasi inakuja na sina nguvu hata ya kukimbiza jogoo, kwa sababu nimetoka Ludewa. Ndiyo. Bibi yako, na goti lake.

Kwanza nilikwenda kwa baba yako. Aliyoyasema siyaandiki. Oktavia ana mikono safi.

Halafu nikapanda lori, Kheri akanipandisha mbele kama mke wa mbunge. Mvua ilikuwa imeanza kweli na ile milima unaijua. Tukakwama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, dereva akaniambia, "Bibi kaa tu." Nikamwambia, "Nikae niwe mzigo wa mzigo?" Nikashuka, nikasukuma kwa mdomo.

Nilifikia kwa Anyisile, binti wa marehemu dada yangu. Mumewe alikufa, watoto wameoa, ana nyumba na chumba cha nje ambacho vijana wake walilala tangu walipobaleghe. Tulikula, nikamweleza. Akachochea moto. Akauliza, "Sasa mama mdogo, humu ndani kwangu huyo ni nani?"

Nikamwambia, "Ni mjukuu wangu. Atapasua kuni, atarekebisha lile paa, atalala chumba cha nje."

"Chumba cha nje ni cha wavulana."

"Ndicho nilichosema."

Akachochea tena. Akasema, "Kuni za huku ngumu, aje na mikono."

Kesho yake tukaenda kwa mkuu wa chuo. Mtu mzima, mpole, ana miwani. Akaniuliza, "Mama, baba wa mwanafunzi yuko wapi?" Nikamwambia, "Baba yake ana shughuli. Mimi ndiye niliyemzaa huyo baba." Akacheka, akanipa pa kuweka dole gumba. Nikaliweka.

Kisha nikamwambia mjukuu wangu hatalala bwenini, ana ndugu hapa, na hatavaa sketi. Akavua miwani. Akasema, "Mama, kwangu ameandikwa msichana." Nikasema, "Najua alivyoandikwa. Nakuambia alivyo." Nje walikuwa wanagonga bati. Akasema wanaolala kwa ndugu wapo, hilo halina tabu. Karakana wote wanavaa ovaroli, hilo nalo halina tabu. Lakini kubadili alivyoandikwa hawezi, na siku ya sherehe ya kufungua chuo, wageni wakija, sare ni sare. Nikabishana. Hakukubali. Nilipotoka akanisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Mlete. Nitamtazama kama ninavyotazama wengine." Sijui kama ni kikubwa au kidogo. Nimekuletea kama nilivyopewa.

Basi siyo vyote. Sketi ya siku moja ipo na siwezi kuiondoa. Sitakuambia usiogope, huko kuna watoto wa watu na midomo yao. Usiseme uongo, lakini ujue kwamba si kila mwenye swali ana haki ya jibu. Mwingine mwambie, "Nipe spana." Ukipigwa, usinifiche. Usinyamaze kama ulivyonyamaza mwaka ule.

Lile koti zito lichukue, Ludewa kwa Anyisile kuna ukungu. Kile kitenge nimekikata. Nimekushonea pazia la chumba cha nje, mtu asikuchungulie ukioga.

Jibu chuo. Sema unakwenda.

Mkeo,
Esteria


Ludewa
29 Januari 1995

Bibi, shikamoo. Mama Oktavia, shikamoo.

Nimefika, nimelala, nimekula kwa Mama Anyisile. Kuni kweli ngumu. Pazia linatosha dirisha na kubaki. Jirani ameuliza mimi ni nani, Mama Anyisile akamjibu, "Ni wa chumba cha nje," na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya kwanza mwalimu aliita majina. Akasema "Peace," akawa anawatazama wasichana wawili wa ushonaji waliopotea mlango. Nikanyoosha mkono. Nyuma mtu akacheka, "Peace gani huyo mwenye koti la babu?" Nilikuwa nimeandaa majibu njia nzima, yote yakanitoka. Anayekaa karibu nami, Dulla, mtoto wa fundi saa wa Songea, akageuka akamwambia, "Na wewe unaitwa Furahini na umenuna tangu asubuhi, tumekuuliza?" Wote wakacheka, mwalimu naye. Tukaanza. Si kwamba yameisha. Kuna wanaonong'ona, na mmoja amenifuata mpaka darajani akiuliza maswali ya kijinga. Nikamwambia anipe spana. Hakuwa nayo.

Sherehe ilikuwa Ijumaa. Nakuambia kweli, Bibi, kama ulivyotaka. Sketi nilivaa. Asubuhi nilikaa kitandani nimeishika, nikasema narudi Makambako. Mama Anyisile akagonga, hakuingia, akasema tu, "Wengine wamevaa minyororo wakafika." Nikavaa. Nilisimama mstari wa pili, nikatazama miguu ya wageni mpaka hotuba zikaisha. Kisha nikaenda kubadili na kuvaa ovaroli, nikaingia karakana wakati wenzangu wanakunywa soda.

Kule kuna Land Rover ya zamani wanayofundishia, ilikuwa imewashinda wa mwaka jana. Nimekuwa nikiisikiliza tangu siku ya kwanza. Niligundua ilikuwa inavuta hewa kwenye bomba la mafuta, ufa mdogo kama unywele. Nikauziba, nikapiga starti. Ikakohoa. Nikapiga tena. Ikawaka, Bibi. Watu wakaacha soda zao.

Sijapigwa. Ninabaki.

Peace


Mjimwema, Njombe
19 Februari 1995

Mume wangu,

Kamwene. Ulanzi umejaa mianzini, watu wanaulewa na kuimba njia nzima wakirudi makwao, mahindi yamefika kiunoni. Oktavia anakusalimu. Ameacha kuniangalia, siku hizi anaandika haraka kuliko ninavyosema.

Umevaa, umevua, umekwenda kazini. Vizuri. Mwaka huu wote usirudi nyuma kwa ajili ya nguo ya asubuhi moja. Huyo Dulla mpe salamu zangu, na mwambie akitafuta bibi wa pili nafasi ipo. Mama Anyisile nimemtumia maharage.

Nilitaka niishie hapo. Lakini nilisema tusifichane, basi ngoja nikueleze.

Barua yako ilipofika Oktavia alikuwa ananisomea hapa kibarazani, na mimi nimezipa mgongo ngazi. Mbwa hakubweka, kwa hiyo hatukujua. Oktavia alipoinua macho, baba yako Filemoni alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi. Tangu mwezi wa kumi na mbili alikuwa hajakanyaga hapa. Oktavia akaanza kuikunja barua. Nikamwambia, "Soma. Hii ni nyumba yangu." Akasoma. Baba yako hakukaa. Kwenye sketi alitazama chini. Kwenye Land Rover akainua kichwa. Kisha ndama akalia kwa nguvu bandani, yule mwenye kiburi, na mwisho wa habari hiyo hakuusikia.

Akasema, "Ikawaka?"

Oktavia akarudi juu, akasoma tena pale pale. Ikawaka.

Baba yako akavaa kofia, akaondoka. Hakusema jina lako, hakuniaga, na siongezi chumvi hata chembe. Ni hilo neno moja tu. Sijui analipeleka wapi.

Yeye kusoma anajua, siyo kama mimi. Ukitaka, mwandikie mwenyewe habari za ile gari, usimwandikie kingine. Asipojibu, mimi nipo.

Esteria wako